Swichi za mwanga kwenye mkongo: kwa nini kituo cha njia nne kinagoma kupokea njia ya tano

#1 Mwanamkongo

Wakuu, salaam.

Kuna vijana wawili watatu humu wananiuliza pembeni kuhusu kusanifu mtandao wa swichi za mwanga, ule wa DWDM (faiba moja kubeba lamda nyingi, yaani rangi nyingi za mwanga) ambako lamda inaingia kituoni ikiwa mwanga na kutoka ikiwa mwanga, bila kugeuzwa umeme njiani. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona nimwage hapa, na wenye uzoefu wanisahihishe.

Naanza na kisa, maana ndicho kilichonifundisha kuliko darasa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyoshika kituo kimoja cha bara chenye njia nne. Kila njia ina jozi yake ya faiba, na kila faiba imebeba lamda kadhaa, nyingine za gigabiti 100, nyingine 200. Waliokisanifu walitumia mtindo ambao mimi nauita gawia wote: mwanga unaoingia unapita kwenye spilita, yaani kigawanya mwanga, ya 1x4, nakala tatu zinaelekea njia nyingine, moja inashuka kwa wateja wa pale pale. Kila mlango wa kutokea una WSS, yaani swichi inayochagua lamda moja moja: wewe pita, wewe baki. Mtindo huo hauna ubaya. Ni wa bei nafuu, na kwa njia nne ulikuwa unatembea vizuri tu.

Ikaja amri ya kuongeza njia ya tano. Kwenye mchoro wa ofisini ni mstari mmoja wa kalamu. Kabatini, spilita zilikuwa zimejaa, hakuna hata tundu moja la akiba. Tukaomba kibali cha kuzima, na saa nane usiku tukaanza kung'oa za 1x4 na kupachika za 1x8. Kipimo cha nguvu ya mwanga kikaonyesha kila lamda imeshuka desibeli 3.5, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yake imepotea, hata zile ambazo hazikuwa na habari yoyote na njia mpya. Vikuza mwanga tukavipandisha. Lakini kikuza hakisafishi: kinakuza mwanga pamoja na kelele iliyokuja nayo, halafu kinaongeza kelele yake mwenyewe. Lamda za karibu zikavumilia. Zilizotoka mbali, zilizokuwa zimeshapita vituo vitano vya mtindo huo huo, makosa yakapanda mpaka zikaanza kukatika. Kulipokucha tulikuwa tumezishusha kutoka 200 hadi 100 ili zisimame.

Nusu ya uwezo wa lamda zile iliondoka kwa sababu ya kipande cha kioo ambacho hata waya wa umeme hakina.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia swichi yake inapanuka, namuuliza kwanza: ukiongeza njia, lamda za zamani zinalipa kiasi gani?

#2 Mzee Mkonga

Vijana wangu, nimeusoma uzi huu nikakumbuka mbali. Mimi nimekulia kwenye mitambo ya simu, enzi za swichi za chuma zinazogonga ukutani usiku kucha. Swali lenu la kupanuka tulikuwa nalo sisi pia, na jibu lake lina jina: Clos. Charles Clos wa Bell Labs aliliandika mwaka 1953.

Ukitaka kuunganisha watu 1,024 na watu 1,024 kwa jedwali moja la mraba, unahitaji makutano 1,048,576. Hakuna aliyekuwa na chumba cha kuyaweka. Clos akasema zigawe ngazi tatu: swichi ndogo za kuingilia, za katikati, na za kutokea. Zichukue swichi 32 za kuingilia, kila moja na wateja 32. Je, za katikati ziwe ngapi ili mtu yeyote akitaka kumpigia mwenzake asikwame kamwe?

Hesabu yake nilifundishwa ubaoni na sijaisahau. Wewe unayepiga, wenzako 31 wa swichi yako wanaongea, kila mmoja ameshika swichi moja ya katikati. Unayempigia naye, wenzake 31 wanaongea, nao wameshika zao. Bahati iwe mbaya kupita zote: hakuna hata moja ambayo wameshika wote kwa pamoja, basi 62 zimekwenda. Ukiwa na ya 63, umepata njia. Mbili mara 32, toa moja. Makutano yote yanakuwa 193,536, chini ya moja ya tano ya lile jedwali.

Na ukikubali kuwahamisha wanaoongea ili kumpisha mgeni, za katikati 32 zinatosha, makutano yanabaki 98,304. Sasa nauliza: hii haiwafai ninyi wa mwanga?

#3 Mwanamkongo

Mzee, shikamoo. Umeeleza kwa aya mbili nilichosoma muhula mzima.

Inatufaa, ila kwa sharti. Kwenye simu za chuma, sauti ikipita makutano matatu au saba hakuna aliyeona tofauti kubwa, na gharama ilikuwa ni idadi ya makutano. Kwetu gharama kubwa inahamia kwenye kile anachopoteza msafiri kila anapovuka mlango.

Chukua mtandao wa mwanahisabati Beneš, ambaye alibana wazo la Clos mpaka mwisho kwa swichi ndogo za 2x2. Kwa poti 1,024 unahitaji swichi 9,728 tu. Kwenye karatasi ni vigumu kumshinda. Lakini mwanga unavuka ngazi 19. Ikiwa kila ngazi inakula desibeli 1, na hiyo ni swichi nzuri, unapoteza desibeli 19. Kwenye kila sehemu 100 za mwanga ulioingia, inatoka sehemu moja na kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye chuma lilikuwa dogo: kuvuja. Swichi ya 2x2 ya mwanga haifungi kabisa, kiasi kidogo cha mwanga wa huyu kinaingia kwa yule. Wakiwa na lamda tofauti, chujio mwishoni linawatenganisha. Wakiwa na lamda ile ile, hakuna chujio litakalowatenganisha tena, na ngazi 19 zinakusanya uchafu huo hatua kwa hatua. Kuna wasanifu wanaoongeza swichi makusudi ili ndani ya kila 2x2 apite msafiri mmoja tu. Yaani wanatumia swichi nyingi zaidi ili wapate mwanga safi zaidi, kinyume kabisa cha hesabu ya kupunguza makutano.

#4 Binti Uhandisi

Shikamoo Mzee, habari kaka Mwanamkongo. Mimi nipo mwaka wa mwisho, na ninyi ndio mmenifungua macho.

Kuna sehemu inanichanganya. Mwalimu anasema kwenye mtandao wa mwanga simu inaweza kukwama hata kama nafasi ipo. Nafasi ipo halafu unakwama vipi? Na kama shida ni rangi, kwa nini tusiibadilishe rangi katikati ya safari?

#5 Mzee Mkonga

Marahaba binti yangu. Hilo hata mimi nalisubiri.

#6 Mwanamkongo

Chukua karatasi, dada. Chora Dar, Morogoro, Dodoma kwenye mstari mmoja. Faiba zina lamda mbili tu, ya kwanza na ya pili. Kuna mteja Dar–Morogoro kwenye lamda ya kwanza, na mwingine Morogoro–Dodoma kwenye lamda ya pili. Sasa anakuja mteja wa Dar–Dodoma. Kipande cha kwanza kina nafasi: lamda ya pili. Kipande cha pili kina nafasi: lamda ya kwanza. Lakini mwanga uliotoka Dar kwa lamda ya pili hauwezi kufika Morogoro ukavua koti na kuvaa jingine. Amekwama, na nafasi zipo mbili mezani.

(Ninaposema rangi ni lugha ya fundi tu. Tunafanya kazi kwenye bendi C, nanomita 1530 hadi 1565, na jicho halioni chochote huko. Usichungulie konekta ukidhani kwa kuwa huoni mwanga basi hakuna mwanga.)

Kugeuza lamda bila kupitia umeme kunawezekana maabara, na makala zake ni nyingi. Kwenye mkongo wa kibiashara, anayetaka kugeuza bado anafanya vile vile: anashusha mwanga, anaufanya umeme, anaurusha upya kwa leza nyingine. Ni transponda mbili (vifaa vya kugeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga) kwa kila lamda, na transponda ndiyo inayotafuna bajeti ya mradi. Kwa hiyo unaweka chache, kwenye vituo vya makutano makubwa, na mahali ambapo mwanga umechoka na ulihitaji kuamshwa hata hivyo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Kizuizi hicho hicho cha rangi ndicho kinachotuwezesha kupanuka.

Chukua kituo cha njia 8, kila faiba na lamda 96. Wanaoingia ni 768. Ukitaka yeyote kati yao atokee popote kwa rangi yoyote, jedwali lako lina makutano 589,824. Lakini lamda ya kwanza itatoka ikiwa lamda ya kwanza, hana haja ya kukutana na ya pili maisha yake yote. Basi mpe kila mmoja ghorofa yake: ghorofa ya lamda ya kwanza ina jedwali la 8x8, ya pili lake, mpaka ya 96. Makutano 64 mara 96 ni 6,144. Jedwali kubwa limegawanyika lenyewe kuwa majedwali madogo yasiyohitaji kujuana.

WSS inafanya hivyo hivyo ndani ya kisanduku kimoja. Mwanga unaingia, unatandazwa na wavu wa kutenganisha rangi kama mche wa kioo unavyotandaza jua ukutani, kila lamda inaangukia sehemu yake kwenye bapa la LCoS au kwenye kioo chake kidogo, bapa linaielekeza kwenye poti iliyoamriwa. Ghorofa zote 96 zimo ndani ya kitu kinachoingia kwenye kabati la kawaida. Na ukiongeza lamda kwenye faiba, hujengi ghorofa mpya, ulishainunua. Ukiongeza njia ndipo unapoguswa.

#7 Binti Uhandisi

Nimeelewa mpaka nimesimama. Kwa hiyo kwenye kisa chako mngefanya nini ili njia ya tano isiwaumize wale wa zamani?

#8 Mwanamkongo

Tungeondoa spilita tangu siku ya kwanza, tuweke WSS pande zote mbili, kuingia na kutoka. Hapo mwanga haugawiwi kwa wote, unaelekezwa kule tu unakotakiwa.

Angalia tofauti. Kwa vifaa nilivyovishika mimi, WSS inakula kama desibeli 6. Spilita ya 1x4 inakula kama 7, ya 1x8 kama 10.5, ya 1x16 kama 14. Mtindo wa gawia wote ni spilita kuingia na WSS kutoka: njia nne unalipa 13, njia nane unalipa 16.5, njia kumi na sita unalipa 20. Mtindo wa elekeza ni WSS mbili: unalipa 12, ukiwa na njia nne au kumi na sita, mradi WSS yako ina poti za kutosha. Zipo za 1x9, za 1x20, na 1x32. Faida nyingine ni kwamba lamda isiyotakiwa inazuiwa mara mbili, kwa hiyo kuvuja kunapungua sana.

Gharama yake usiifiche kwa bosi wako: WSS mbili badala ya moja kwa kila njia, na kila lamda inachujwa mara mbili kwa kila kituo. Chujio moja linakata kingo za lamda kidogo tu. Vituo sita ni machujio 12 mfululizo, na kama lamda yako imejazana kwenye nafasi ya gigahezi 50, kingo zinaliwa mpaka ujumbe unaanza kuharibika. Ndiyo sababu gridi ya kunyumbulika ilipoingizwa kwenye kiwango cha ITU mwaka 2012, nafasi zinakatwa kwa vipande vya gigahezi 12.5, tulipumua. Unaipa lamda nzito nafasi ya 75, nyepesi 37.5, na unaacha upana kidogo kwa ajili ya machujio.

Ila gridi hiyo inaleta maradhi yake: baada ya miaka miwili ya kufunga na kufungua wateja, bendi inakuwa kama kiwanja kilichouzwa vipande vipande, mapengo mengi na hakuna linalotosha nyumba.

#9 Mpwani wa Nyali

Hamjambo wenzangu. Nafuatilia kutoka Mombasa, na kwa heshima zote naomba nipinge.

Mwanamkongo, hizi hesabu zote za swichi za mwanga mimi naona zinapitwa na wakati. Leo kuna moduli za 400ZR, kiwango cha mwaka 2020 cha OIF, jukwaa la kampuni za mitandao ya mwanga. Unachomeka moduli ndogo moja kwa moja kwenye ruta, lamda ya gigabiti 400 inatoka, inafika kilomita 120. Kwa nini nihangaike na machujio, ghorofa na mapengo? Nitatoka ruta hadi ruta, kila kituo nageuza umeme, lamda yangu haisafiri zaidi ya kipande kimoja. Tatizo la rangi limekwisha, kelele haikusanyiki, na kupanuka ni kuongeza moduli.

#10 Mwanamkongo

Karibu sana Mpwani, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Ndani ya jiji uko sahihi kabisa, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo kati ya vituo viwili vya data.

Tupime safari ndefu kwa mfano wa kwako. Lamda ya Mombasa–Kampala inayopita Nairobi, Nakuru na Eldoret. Ikipita kwa mwanga, ina moduli mbili tu, moja kila mwisho. Ikishuka kila mji kati ya hiyo mitatu, ina moduli nane, na poti nane za ruta zinazolipiwa. Na hapo nimejifanya kila kipande kiko ndani ya kilomita 120, wakati unajua fika kutoka kwenu hadi Nairobi pekee ni zaidi ya 400. Zipo moduli za nguvu zaidi zinazokwenda mbali, lakini ukizitumia umerudi kwangu: mwanga unapita katikati bila kushuka, na lazima kuwe na kitu cha kuuelekeza.

Halafu jiulize ruta ya Nakuru inafanya kazi gani pale. Inafungua pakiti za mtu wa Kampala, inazisoma, inazifunga, inazirusha, na umeme na kiyoyozi vinalipiwa Nakuru saa 24. Mzigo usio wako kuupitisha bila kuufungua ni akiba ya kila mwezi.

#11 Mpwani wa Nyali

Hapo kwa safari ndefu nakubali, hesabu ya moduli nane sikuwa nimeifanya.

Basi niongeze la baharini, maana ndiko niliko. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, kituo cha nchi kavu ndicho kilichokuwa na akili. Baharini ilikuwa waya, vikuza, na matawi yaliyogawanywa tangu kiwandani. 2Africa, inayotua Mombasa na Dar na imepangwa kwa kilomita 45,000, ina jozi za faiba hadi 16 na uwezo wa kuelekeza lamda huko huko chini ya maji. Kwa nchi iliyo kwenye tawi dogo hilo ni kubwa: unaweza kuongezewa sehemu ya bendi baada ya miaka bila meli kutoka.

Lakini tusiwadanganye vijana. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika zote mbili upande wa Afrika Kusini na intaneti ikatupa shida nchi nzima nzima ukanda huu? Swichi ya mwanga ingehamisha lamda kwenda wapi, kama njia nyingine zimejaa?

#12 Mwanamkongo

Haingehamisha popote, na umeisema ipasavyo. Swichi inahamia kwenye nafasi, haizalishi nafasi. Na nafasi yenyewe ina masharti mawili: iwe na rangi ile ile mwanzo hadi mwisho, na njia mpya isiwe ndefu kuliko lamda inavyoweza. Lamda ya 200 iliyohamishiwa njia ndefu mara mbili itabidi ishuke kasi. Anayepanga njia za akiba akae na kipimo cha kelele cha kila njia mapema, asisubiri siku ya kukatika ndiyo aanze kuchora.

Mimi ningependa kila mkataba wa mkongo useme wazi ni lamda ngapi zimeachwa tupu kwa ajili ya dharura, na ni zipi. Lamda tupu inaonekana kama hasara kwenye ripoti, kwa hiyo inauzwa, na siku ikihitajika haipo. Hili linaniuma.

#13 Mzee Mkonga

Nimesikia habari za swichi ya mwanga inayotumia vioo vidogo vinavyogeuka. Tulipokuwa tunastaafu, Lucent walikuwa wanatangaza yao, LambdaRouter, poti 256. Kisha soko la simu likaanguka na sikuisikia tena. Wazo lilikufa?

#14 Mwanamkongo

Halikufa, Mzee. Lilihamia kwenye vituo vya data, na huko limepanuka kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Kuna aina mbili za vioo hivyo. Ya kwanza kila makutano yana kioo chake, kinalala au kinasimama. Poti 136 zingedai vioo 18,496. Ya pili kila poti ina kioo kimoja upande wa kuingia na kimoja upande wa kutoka, na kila kioo kinainamishwa kwa pembe yoyote kwenye mihimili miwili, kikirusha mwanga hewani kwenda kwa mwenzake. Poti 136 zinadai vioo 272. Kazi ngumu ni kukishika kioo kwenye pembe yake sawasawa bila kutikisika, lakini mwanga unagusa vioo viwili tu, poti ziwe 10 au 136. Hapo ndipo hesabu ya ngazi 19 inapovunjwa.

Nimetaja 136 kwa sababu ndiyo ukubwa wa swichi ya Google waliyoipa jina Palomar. Walieleza mwaka 2022 jinsi walivyoondoa ngazi ya juu ya swichi za umeme kwenye mtandao wao wa Jupiter na kuweka hizi za vioo. Wanaripoti gharama ya ujenzi imepungua asilimia 30 na umeme asilimia 41.

Na kwa watu wa lamda kuna utamu wake: kioo hakijui rangi. Faiba moja ikibeba lamda nne au nane, kioo kimoja kinazihamisha zote kwa mpigo, na kizazi kijacho cha moduli kikija na kasi mara mbili, kioo hakibadilishwi. Wakaongeza sakyuleta, kifaa kinachoruhusu kwenda na kurudi kwenye uzi mmoja, kila poti ikafanya kazi ya mbili. Udhaifu wake ni mwendo. Kioo kinageuka kwa milisekunde, kwa hiyo huwezi kukitumia kuelekeza pakiti moja moja. Kinapanga barabara, magari yanapita baadaye.

Wanaotaka mwendo wana njia nyingine: kipande cha kioo kisichosogea kabisa, AWG, alichokianzisha Meint Smit wa Delft mwaka 1988, ambacho kila rangi inayoingia ina mlango wake wa kutokea. Ukibadilisha rangi ya leza, umebadilisha mlango. Microsoft walionyesha mwaka 2020, kwa mradi wao wa Sirius, kubadilisha njia kwa chini ya nanosekunde 4. Huko rangi yenyewe imekuwa anwani.

#15 Binti Uhandisi

Nimetafuta habari za kompyuta ya Google ya TPU v4, ile ya chipu za akili mnemba, na nikajaribu hesabu mwenyewe, naomba mnisahihishe.

Chipu 4,096 zimepangwa kwenye michemraba 64, kila mmoja na chipu 4x4x4. Mchemraba una nyuso 6, kila uso una chipu 16, kwa hiyo nyuzi 96 za mwanga zinatoka nje. Nyuso mbili zinazotazamana, uzi wa mahali pale pale kwenye kila uso unakwenda kwenye swichi moja. Kwa hiyo 96 gawanya kwa 2, swichi 48. Kila swichi inapokea nyuzi 2 kutoka kila mchemraba, michemraba 64, jumla poti 128. Na swichi ina 136. Zile 8 zilizobaki nadhani ni akiba?

#16 Mwanamkongo

Ni akiba, za kupimia na kurekebishia. Hesabu yako haina kasoro, dada.

Na umeona walichofanya? Swichi 48 hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ni ghorofa 48 zisizojuana, kama zile 96 za lamda. Mwanga unavuka swichi moja tu kutoka mchemraba hadi mchemraba. Hakuna ngazi tatu za Clos, kwa sababu hawakutaka kila mmoja amfikie kila mmoja kwa kila uzi. Walijua umbo la kazi yao, wakaligawa jedwali kulingana nalo. Mchemraba ukiharibika wanauruka kwa kugeuza vioo na kuchukua mwingine.

#17 Mzee Mkonga

Kwenye simu hatukuruhusiwa kujua nani atampigia nani. Ninyi mnajua. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta.

#18 Binti Uhandisi

La mwisho kabla sijawachosha. Mradi wangu ni kituo cha njia 6, chenye mpango wa kufika 10. Nimechagua mtindo wa elekeza, WSS za 1x20 kuingia na kutoka. Poti 9 kwa njia nyingine, poti 4 kwa kushusha na kupandisha wateja, 7 akiba. Upotevu wa kupita kituoni nimeandika desibeli 12.

#19 Mwanamkongo

Uchaguzi ni sahihi, na poti 7 za akiba zitetee mbele ya mwalimu hata akisema ni nyingi. Kwenye kushusha wateja, hakikisha poti 4 hizo zinakwenda kwenye rafu tofauti, kwa sababu wateja wawili wa lamda moja kutoka njia mbili wakishukia rafu moja ya kawaida watagongana.

Hiyo 12 rudi uiandike upya. Kati ya WSS mbili kuna paneli na nyaya za kuunganishia, chukua konekta 4, kila moja desibeli 0.3. Inakuwa 13.2. Na hiyo 0.3 ni ya konekta safi. Kiini cha faiba hii ni mikroni 9 hivi, punje moja ya vumbi ikikaa pale katikati inaweza kukula desibeli nzima. Njia 10, kila moja na 9 nyingine, ni nyaya 90 kwenye paneli moja. Nimewahi kutafuta lamda iliyopotea kwa saa tatu, nikiwalaumu watu wa programu, kumbe ni konekta moja iliyochomekwa bila kufutwa. Kwenye darubini doa lilionekana kama punje ya mchele.

#20 Binti Uhandisi

13.2, nimesahihisha. Nimeongeza na darubini na kalamu ya kusafishia kwenye orodha ya vifaa vya mradi. Asante kaka, asante Mzee, asante Mpwani.

#21 Mpwani wa Nyali

Ukiandika mpango wa lebo za hizo nyaya 90, uupandishe humu. Sisi tuna kituo cha njia 7 kinachohitaji huo huo.